Tofali la Tatu

Cecilia alikuwa ameenda dukani kununua chumvi, na Damari alikuwa amebanwa na haja ndogo. Duka halikuwa mbali, ng'ambo tu ya reli, lakini dukani kuna watu, na watu wana salamu, na mwanamke mwenye mimba ya miezi sita huulizwa mengi. Damari alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya ukuta wa jiko, magongo yake mawili yameegemea mkono wa kiti, macho yake kwenye lango. Asubuhi ile alikuwa amekunywa nusu kikombe tu cha chai. Alikuwa ameanza kujinyima maji tangu mwezi wa tatu, na hakumwambia mtu.

Choo kilikuwa hatua ishirini na mbili kutoka pale alipokaa. Kufika angeweza. Kilikuwa choo cha shimo, kimesakafiwa vizuri kwa saruji, kina mlango wa bati, na mwanawe Shukuru alikijenga kwa mikono yake mwenyewe. Ila choo cha shimo kinamtaka mtu achuchumae, kisha asimame. Damari alikuwa akishuka nusu tu, mguu wa kushoto unaachia, na akishafika chini hakuwa na namna ya kurudi juu.

Mwezi wa kumi na moja mwaka uliopita bodaboda aliyopanda iliteleza kwenye mchanga hapa hapa Itigi, ikamlalia. Mfupa wa paja ulivunjika mara mbili. Hospitali walimtia chuma ndani, akalala miezi minne, na alipoteremshwa kitandani mguu ulikuwa mwembamba kama wa msichana. Huyu alikuwa mwanamke aliyewapikia wanafunzi mia tatu kwa miaka ishirini na sita, akiteremsha sufuria la ugali jikoni bila kumwita mtu. Sasa alikuwa na miaka hamsini na tisa, na alikuwa akingoja chumvi inunuliwe ili akojoe.

"Samahani mama, nimekawia," Cecilia alisema akiingia. Aliweka chumvi dirishani, hata hakufungua khanga yake ya begani, akaja moja kwa moja.

Chooni walikuwa na utaratibu wao. Cecilia alisimama mbele, akapitisha mikono chini ya makwapa ya mama mkwe wake, Damari akamshika shingoni, wakashuka pamoja. Kisha Cecilia akageuza uso akautazama mlango wa bati. Hawakuwahi kupatana kwa maneno kwamba mle ndani hapaongelewi, lakini hapakuongelewa. Wakati wa kupanda Cecilia alivuta pumzi, akakaza mgongo, na Damari akalisikia tumbo la mkwewe likigusa kifua chake, gumu na la moto.

Shukuru alikuwa amejaribu kusaidia. Alitoboa kiti cha plastiki katikati akakiweka juu ya tundu. Siku ya pili miguu ya kiti iliteleza kwenye saruji iliyolowa, Damari akagonga ukuta kwa bega, na kazi ya kukisugua kile kiti ilikuwa ya Cecilia. Damari akasema kiondolewe. Shukuru akaahidi kujenga choo cha kukaa akipata nafasi. Damari hakumkataza, ila moyoni aliona hata kikijengwa hakitamfikisha anakotaka. Alitaka kurudi nyumbani kwake Kilimatinde, na huko pia choo ni cha shimo.

Kila asubuhi, jua likishapanda kidogo na ule upepo wa baridi wa mwezi wa saba ukitulia, Damari alikwenda nyuma ya jiko kwenye kazi yake. Ilikuwa kazi ya matofali. Kulikuwa na rundo la matofali ya kuchoma yaliyobaki wakati wa kujenga nyumba, na Benson, kijana wa mazoezi ya viungo kule hospitali, alikuwa amemwelekeza namna ya kuyatumia. Unayapanga mawili mawili mpaka kimo cha matofali matano, unatandika gunia juu, unakaa, unasimama bila kushika kitu. Ukiweza mara nane kwa siku tatu, unaondoa safu moja.

"Ukifika matofali mawili, mama, choo cha shimo ni chako," Benson alikuwa amemwambia. "Hapo hutamhitaji mtu."

Tofali la tano liliondoka kwa siku tisa. La nne lilichukua wiki tatu. La tatu halikuondoka. Wiki saba sasa alikuwa akisimama kutoka kwenye matofali matatu bila shida, mara nane, mara kumi, hata mara kumi na mbili. Akiondoa lile la tatu anakaa, na akikaa amekaa. Anaweza kujikaza mpaka masikio yanavuma, na makalio hayabanduki kwenye gunia.

Alifanya kama ambavyo angefanya jikoni kazi ikimshinda, aliongeza bidii. Akafanya asubuhi, mchana na jioni, mpaka goti likavimba. Jirani yao, Hana, akaleta mafuta ya kondoo. Shukuru akanunua mnadani kopo la unga wa kuongeza nguvu, wenye picha ya mwanamume kifua wazi, na Damari akaukoroga kwenye uji siku nne kabla tumbo halijaukataa. Kanisani waliomba.

Cecilia ndiye aliyeleta msaada ulioonekana kufaa. "Shika kidole changu tu, mama," alisema, akamnyooshea kidole kimoja. Na kweli, kwa kidole kimoja Damari alinyanyuka kutoka kwenye matofali mawili. Walicheka wote wawili. Kesho yake akanyanyuka tena, na kesho kutwa. Baada ya wiki moja Damari alitazama akaona kwamba kidole kimekuwa vidole vitatu, na siku iliyofuata kilikuwa kiganja kizima, na Cecilia alikuwa ameegemea nyuma akivuta kama mtu anayetoa ndoo kisimani. Hakuna kati yao aliyekuwa ameamua hivyo.

"Basi," Damari alisema. "Kidole tukiache."

Alimpigia Benson simu. Mkataba wa kijana ulikuwa umekwisha, amerudi kwao Iringa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Matofali yamegoma."

"Yamegoma wapi?"

"Kwenye mawili. Wiki ya saba hii."

"Hapo nimeelewa. Nauliza unakwama wapi katika kule kusimama. Ni pale unapobanduka, au ukishafika katikati, au kule juu unaponyoosha magoti?"

Damari aliitazama miguu yake. Alikuwa amesimama na kukaa mara elfu moja na zaidi, na swali hilo hakuwahi kujiuliza.

"Sijui," alisema.

"Basi mimi nitajuaje nikiwa Iringa, mama? Nikikwambia fanya hiki au kile nitakuwa nakisia. Mguu unao wewe. Usiongeze kitu wiki hii. Uangalie tu unafanya nini, halafu wewe ndiye utaniambia."

Alipokata simu Damari aliona amedharauliwa kidogo. Alikuwa ametegemea kuambiwa dawa, au zoezi jipya lenye jina. Alikaa na simu mapajani mpaka mwanga wake ukazimika.

Aliona alichokiona kwa sababu Cecilia ni mwanamke wa kufagia. Ardhi ya Itigi ni mchanga mtupu, na Cecilia aliufagia uwanja kila alfajiri mpaka nyuma ya jiko, ukabaki na mistari ya ufagio. Siku ya nne ya kujiangalia, Damari aliposimama mara ya nane na kusogea pembeni, alitazama chini. Alama ya mguu wa kulia ilikuwa imezama, kisigino na vidole vyote vinaonekana. Ya mguu wa kushoto ilikuwa imegusa tu, kama ya mtoto aliyepita mbio.

Akausawazisha mchanga kwa ncha ya gongo, akarudia. Ikawa vile vile. Akarudia mara ya tatu, safari hii akijisikiliza, na akalisikia jambo lenyewe: kabla ya kubanduka, mwili wote ulikuwa unahamia kulia, kiuno kinapinda, na mguu wa kulia unabeba kila kitu. Wa kushoto ulikuwa abiria.

"Cecilia, njoo uone."

Cecilia akaja akifuta mikono, akainama kwa shida, akatazama alama mbili mchangani. "Naona nyayo, mama."

"Umeona ya kushoto?"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo karibu miezi mitatu nimekuwa nafanyisha mazoezi mguu mzima, si ule ulioumia."

Hakufurahi kulijua. Alikaa siku nzima na hasira, akijibu watu kwa Kigogo, lugha ambayo Cecilia hakuielewa vizuri. Asubuhi iliyofuata alitafuta dawa yake mwenyewe. Alisogeza mguu wa kulia mbele kidogo, usiwe na nafasi ya kuiba kazi, na wa kushoto akauvuta karibu na matofali. Akajaribu kusimama hivyo kutoka kwenye matofali matatu. Hakuweza hata mara moja. Akarudisha la nne. Akaweza mara mbili, mguu unatetemeka kama uzi wa simu kwenye upepo. Akakaa akafikiri, kisha akamwambia Cecilia amsogezee na la tano.

Na jambo jingine aliligundua katika wiki hiyo, kwamba siku inayofuata kazi hiyo mguu ulikuwa haufai kitu, lakini siku ya pili yake ulirudi na nguvu kidogo kuliko ulivyoondoka. Akaanza kuruka siku. Kwa mtu aliyekuwa anaamini kwamba kupumzika ni uvivu, hilo lilimsumbua kuliko maumivu.

Shukuru alikuwa na karakana ya kuchomelea karibu na stesheni, na jioni akirudi alikuwa na desturi ya kupita nyuma ya jiko kuona mama yake amefikia wapi. Jioni ile alisimama akayahesabu matofali, akayahesabu tena.

"Mama, mbona yamekuwa matano?"

"Nimeanza upya."

"Ulikuwa kwenye matatu."

"Nilikuwa kwenye matatu ya uongo."

Shukuru hakuuliza maana yake. Alimtazama mke wake, na Cecilia akatazama chungu. Akatoka nje ya lango na simu, na ingawa alishusha sauti, Damari aliyasikia mengi. Alikuwa anaongea na dada yake, Magreth, mwalimu wa Singida Mjini. Mama anarudi nyuma, dada. Alikuwa matatu, sasa yuko matano, siku nyingine hafanyi kabisa, anakaa tu. Na huyu wangu, nesi amemwambia asiinue kitu kizito, na kila siku anamwinua mama.

Usiku haukuingia kabla jambo halijaamuliwa. Magreth alikuwa na nyumba yenye choo cha kukaa, bomba ndani, na msichana wa kazi. Shule zikifunga mwezi wa tisa angekuja na gari kumchukua. Kiwanja na nyumba ya Kilimatinde vingepangishwa, kwa sababu hapakuwa na maana tena ya kuviacha wazi.

"Mnanipangisha," Damari alisema walipomweleza.

"Nyumba, mama. Tunapangisha nyumba," Shukuru alisema.

Alikuwa na wiki saba. Hakubishana, kwa sababu hakuwa na la kuonyesha.

Kwa matofali matano mguu wa kushoto ulichukua siku kumi na mbili. Kwa manne, siku kumi na moja. Kwa matatu, akijua sasa kwamba hapo ndipo alipokwama mwanzo, hakusubiri akwame. Kutoka kwenye matatu kwenda mawili ni hatua ya tofali zima, na tofali zima lilikuwa kubwa mno kwa mguu ule. Akaokota vipande vya mbao nyembamba kwenye kuni, akaliondoa tofali la tatu, na mahali pake akapanga mbao nne. Kila alipoweza, alitoa ubao mmoja. Hilo hakufundishwa na mtu. Alilitoa jikoni: mtoto akishindwa kumeza tonge, unalikata.

Siku aliyotoa ubao wa mwisho ilikuwa Ijumaa. Alikaa kwenye matofali mawili, akainama mbele, akajisukuma, akabanduka. Akafika kimo cha kiganja kutoka kwenye gunia, goti likacheza, na badala ya kurudi kwenye matofali akapitiliza ubavuni, akakaa mchangani.

Cecilia alikuwa mlangoni mwa jiko. Alikuja haraka.

"Usinishike," Damari alisema.

"Mama, uko chini."

"Najua niko wapi. Simama hapo hapo."

Cecilia akasimama, mikono yake ameifumbata juu ya tumbo kwa kukosa pa kuiweka. Damari hakuwa ameumia. Alikuwa hajawahi kuwa chini hivi tangu avunjike, na alitaka kujua mtu anatokaje huko. Akajaribu kujisukuma kwa mikono, ikashindikana. Akageuka ubavu, akavuta goti la kulia, akapumzika. Mchanga ulimwingia mdomoni. Upande wa pili wa ua, Hana alikuwa anaanika nguo, na mikono yake ikasimama kwenye kamba.

"Mama, basi nikupe hata gongo."

"Bado."

Alikuwa amepiga goti moja, viganja vyote viwili juu ya matofali, mguu wa kushoto umekanyaga vizuri mbele yake, na kwa mara ya kwanza aliuona mlango wa kutokea. Wakati huo huo lango likafunguka. Shukuru alikuwa amerudi kuchukua waya za kuchomelea. Alimwona mama yake mchangani kwa magoti, na mke wake amesimama hatua mbili kutoka hapo amefumbata mikono.

Hakupiga kelele. Alikuja, akamwinua Damari kama gunia la pumba, miguu yake ikining'inia, akamweka kwenye kiti.

"Ulikuwa unatazama nini?" alimwuliza Cecilia.

"Mama amesema nisimshike."

"Akisema umwache afe utamwacha?"

"Shukuru," Damari alisema. "Nirudishe chini."

"Umeshakaa kwenye kiti, mama."

"Nimesema chini. Pale uliponikuta."

Shukuru alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu ambaye akili imeanza kumtoka, akampangusa mchanga mashavuni kwa kitambaa cha mfukoni. Kisha akachukua waya zake akaondoka.

Kufika Jumapili kanisa lote lilikuwa na habari kwamba mke wa Shukuru anamwacha mama mkwe wake anagaragara mchangani na yeye anaangalia. Wengine waliongeza kwamba alikuwa anacheka. Cecilia alisalimia wanawake wawili kisimani Jumatatu, mmoja akaitikia, mwingine akainama kufunga ndoo. Alirudi nyumbani akaweka maji, akaja kusimama mbele ya Damari.

"Mama, kuanzia leo nitakuwa nakushika."

"Nilikuwa nakaribia kunyanyuka."

"Najua. Nilikuona. Lakini wewe utakwenda Singida, na mimi ndiye nitakayebaki na hawa watu. Na mwanangu atazaliwa hapa hapa."

Damari akamnyooshea mkono. Siku hiyo alishikwa, na siku iliyofuata alishikwa, na aliusikia mguu wa kushoto ukirudi kwenye uabiria wake bila kulazimishwa.

Alhamisi wakaja wanawake wa kanisa, tisa, na sukari kilo mbili na sabuni mche mmoja. Waliimba, wakasoma, wakaulizia mguu. Kisha kiongozi wao, Mama Nathanaeli, mwanamke mwenye sauti ya upole iliyowahi kusuluhisha ndoa nyingi, akamgeukia Cecilia.

"Mwanangu, hebu tuchotee maji kidogo ya kunywa. Ya kisimani, yale ya baridi."

Cecilia alielewa. Akainuka, akachukua ndoo.

"Cecilia, kaa," Damari alisema. "Maji yapo mtungini."

Cecilia akabaki amesimama na ndoo. Mama Nathanaeli akatabasamu. "Tulitaka kuongea na wewe kidogo, mama yetu. Kama kuna jambo linakusumbua hapa nyumbani, sisi ni ndugu zako."

"Lipo. Mama Nathanaeli, wewe ukibanwa na haja unamwita nani?"

Mtu mmoja alikohoa. Mama Nathanaeli akavuta khanga yake magotini.

"Nauliza tu," Damari aliendelea, sauti yake haikupanda. "Mimi namwita huyu. Mara nne kwa siku, tangu mwezi wa tatu. Ananiteremsha, anageuka pembeni, ananipandisha, na tumbo lake mnaliona. Ninyi tisa mmekuja hapa mara ngapi? Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza naendaje chooni. Siwalaumu, na mimi nisingeuliza. Sasa nimechoka, nataka kwenda mwenyewe. Na siwezi kujifunza kusimama huku nimeshikwa, nimejaribu, haiwezekani. Siku ile mimi ndiye niliyemwambia asiniguse. Alikuwa anataka kulia. Kusimama pale bila kuniinua ilikuwa kazi ngumu kuliko kuniinua. Ninyi mngeniinua upesi, mkaenda kusimulia."

Cecilia aliishusha ndoo taratibu isije ikalia kwenye sakafu.

"Tuombe," Mama Nathanaeli alisema.

Waliomba kwa kirefu. Walipokuwa wanatoka, yule mwanamke aliyeinamia ndoo kisimani alimshika Cecilia mkono, akamwuliza mimba imefikisha miezi mingapi, ingawa jibu alikuwa nalo.

Shukuru aliyapata maneno hayo karakanani kabla hayajapoa. Nyumbani hakusema kitu, si kwa mama yake wala kwa mkewe. Ila asubuhi, nyuma ya jiko, Damari alikuta vipande sita vya ubao vilivyorandwa vizuri, vyembamba kuliko vile vya kuni, vimepangwa juu ya gunia. Na Shukuru alikula chakula chake jikoni siku hiyo, kwenye kigoda karibu na Cecilia, jambo ambalo hakuwa analifanya tangu walipooana.

Magreth alifika Jumamosi ya pili ya mwezi wa tisa, saa tano asubuhi, na gari la kukodi. Alikuwa ameshanunua shuka mpya. Mkoba wa Damari, uliofungwa na Shukuru siku mbili kabla kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemwambia asifunge, ulipakiwa kwenye buti kabla chai haijamiminwa.

"Mama, umefikia wapi na mazoezi?" Magreth aliuliza. Alikuwa na sauti ya darasani, hata alipokuwa na huruma.

"Matofali mawili. Jana mara tano."

"Kati ya nane?"

"Kati ya nane."

"Na chooni umeshakwenda peke yako?"

"Bado."

Magreth alishusha kikombe. "Mama, mara tano si nane. Zile mara tatu zilizobaki utakuwa peke yako Kilimatinde, umekaa juu ya shimo, nani atakusikia? Sikatai umejitahidi. Lakini Cecilia anajifungua mwezi ujao. Mimi nina choo ndani. Kwa nini mtu ateseke?"

Maneno hayo yote yalikuwa kweli. Cecilia alitazama miguu yake iliyovimba.

"Unajua nilikuwa na matofali haya haya miezi miwili iliyopita?" Damari alisema. "Nilikwama wiki saba. Mngenichukua wakati ule ningekwenda, na ningejua kwamba mguu wangu umekufa. Sasa najua haujafa. Najua unakwama wapi na kwa nini. Huko kwako, kwenye choo cha kukaa, nani ataniambia haya?"

"Sawa, mama." Magreth alikuwa amechoka na safari. "Basi nenda chooni. Ukienda ukarudi mwenyewe, mimi nageuza gari."

Alilisema kama mtu anayefunga mjadala. Damari akachukua magongo yake akasimama. Cecilia naye akasimama, kwa mazoea, kisha akajikuta hana la kufanya, akakaa.

Hatua ishirini na mbili. Ndani, akarudishia mlango wa bati, akaegemeza magongo kwenye kona. Akaweka kiganja ukutani. Mguu wa kulia mbele kidogo, wa kushoto nyuma. Akashuka polepole, akiuhesabia mguu wa kushoto uzito wake, na paja likawaka moto kutoka gotini mpaka kiunoni, lakini halikuachia. Alifika chini. Alijisaidia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kufanya hivyo bila pumzi ya mtu mwingine usoni pake, na akakaa pale kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Kisha akajaribu kusimama, akashindwa. Alibanduka kimo cha kiganja akarudi.

Nje, Magreth alisema, "Amekawia. Shukuru, nenda kamtazame."

Damari alisikia viatu vya mwanawe vikija. Akasikia na sauti ya Cecilia, si kubwa.

"Yupo chooni, wifi. Mwacheni."

Viatu vikasimama.

Humo ndani Damari aliyapitia aliyoyajua. Alikuwa amenyooka mno, kwa woga, na kiuno kilikuwa kimeshaanza kwenda kulia. Akakirudisha katikati. Akainama mbele mpaka pua ikapita magoti, akahisi kisigino cha kushoto kikizama kwenye saruji kana kwamba saruji nayo ni mchanga, akasukuma. Pale pa kukwamia alipatambua kabla hajafika, akapangoja, akapasukuma, akapapita. Baada ya hapo ilikuwa tu kunyoosha magoti.

Alisimama mkono ukutani mpaka moyo ukatulia. Akajifunga khanga vizuri. Akachukua magongo, akasukuma bati.

Walikuwa wamesimama uwanjani wote wanne, Shukuru karibu kabisa, Magreth na mikono mdomoni, Cecilia, na dereva wa gari nyuma yao, wametazama mlango wa choo kama watu wanaongojea mgeni rasmi. Cecilia alikuwa analia bila sauti. Damari aliona aibu, na aibu ikamtia hasira.

"Mnangoja nini?" aliuliza. "Kuna mwingine anayetaka kuingia?"

Dereva, aliyekuwa ametoka Singida bila kusimama njiani, akasema yeye.

Damari akampisha. Magreth akaenda kwenye gari, akafungua buti, akaushusha mkoba wa mama yake.